Kilo Tisa za Mguu wa Kushoto

Mimi ni Wabiwa, mtu wa Lweba. Wengi wananiita Mama Sifa, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Kine, huyu dada anayetufanyisha mazoezi ya viungo, ameniomba niseme nanyi mnaoketi kwenye benchi hii ya kituo cha afya na magongo yenu. Nimekubali kwa sababu benchi hii naijua. Niliikalia miezi mingi. Ule ubao wa katikati unabana nyama ya paja, afadhali mkae pembeni.

Kabla ya haya yote nilikuwa mwanamke wa mawese. Tulikuwa bamama wanne tuliokamua pamoja. Tulichemsha ngazi, yale matunda ya mchikichi, kwenye pipa tangu asubuhi, tukaziponda, kisha tukazimimina kwenye mashini. Mashini yetu haikuwa ya moteri. Ni pipa la chuma lenye matundu, katikati kuna parafujo nene, na juu ya parafujo kumelazwa mti mrefu. Wawili wanasukuma upande huu, wawili upande ule, mnazunguka kama watu wanaotafuta kitu kilichoanguka, na mafuta yanatoka chini mekundu, ya moto. Mimi nilikuwa wa mbele siku zote. Nilikuwa na miguu. Nasema hivi bila kujisifu: wenzangu walipochoka, mimi niliendelea kusukuma, na jioni nilipanda nyumbani na bidon ya lita ishirini kichwani, sijaishika kwa mkono.

Siku ile tulikuwa kwenye mzunguko wa mwisho, ule mgumu, ambapo ngazi zimeshabanwa na mti unakataa. Nikasikia mti unalia. Mwenzangu akasema, "Bamama, ngojeni kwanza." Mimi nikasema, "Tumalize, imebaki kidogo." Nikasukuma kwa kifua.

Mti ukakatika mikononi mwangu. Nilienda mbele na kipande changu, na ule upande uliobaki ukarudi kwa nguvu zote za parafujo. Ulinipiga paja la kushoto ukalibana kwenye pipa. Ile sauti sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwenye meno. Nilipoangalia chini, goti na unyayo vyote vilikuwa vinatazama upande, kama mguu wa mtu mwingine. Mkojo ulinitoka pale pale. Sikulia mpaka walipotaka kuniinua.

"Musiniguse!" nilipiga kelele. "Bamama, musiniguse!"

Mume wangu, Baba Sifa, ni seremala. Anatengeneza milango na mitumbwi. Alikuja mbio na randa bado mkononi. Aliangalia mguu wangu, kisha akaangalia ule mti uliokatika, akauangalia muda mrefu. Kisha akaketi chini. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya mguu.

Kwanza walinipeleka kwa mzee anayeunga mifupa. Simdharau mzee yule. Mikono mingi ya watoto wa Lweba imenyooka kwa kazi yake. Alinifunga kwa vijiti na majani yaliyopondwa, akanikanda, nikazimia mara mbili. Siku ya tatu paja lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa, na malengelenge yametoka yenye maji meusi. Mzee alinusa bandeji, akakunja uso. Akamwambia mume wangu, "Hii haiko kazi ya mukono yangu. Peleka hopitali, na upeleke leo."

Walinibeba kwa tipoyi, machela ya miti, mpaka mwaloni, wakanilaza ndani ya boti, mguu umefungwa kati ya mbao mbili na kitenge. Kila wimbi nililihesabu kwa paja. Kufika Baraka nilikuwa nimeuma mdomo wa chini mpaka damu.

Hospitalini walitoboa mfupa chini ya goti, wakapitisha chuma, wakafunga kamba, na mwisho wa kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga nyuma ya kitanda. Ndiyo dawa ya paja lililovunjika: kulivuta mpaka mifupa ikubali kukutana. Nililala hivyo wiki saba, chali. Nilijisaidia kwenye beseni, na siku nyingine tumbo lilikataa kabisa, nikakaa siku tano bila choo. Kidonda kilinitoka juu ya matako, ukubwa wa kikombe. Muuguzi alikiosha kila siku na mimi nilikuwa nikishika chuma cha kitanda na kuhesabu mbao za dari. Nywele zilikatika nyuma ya kichwa kwa kusugua mto. Nawaambia mambo haya kwa sababu nilipokuwa nalala pale nilidhani ni mimi peke yangu ninayenuka.

Mfupa ulishika. Walitoa chuma, wakanipa ruhusa. Daktari alisema mbele yetu sote wawili, "Mwezi moja bila kukanyaga. Baada ya pale, unaanza kuweka muguu chini polepole polepole, kila siku kidogo."

Hapa ndipo tulipokosea. Tulichukua nusu ya kwanza ya maneno yale, nusu ya pili tukaiacha hospitalini.

Baba Sifa alinitengenezea magongo ya mti mwepesi, ameyapiga msasa mpaka laini, ameyafunga kitambaa pa kwapa. Akanitengenezea kiti cha choo. Akateka maji, akatwanga sombe, majani ya muhogo, mwanaume mzima, majirani wakicheka. Na mwezi ule ulipokwisha, nilipoweka vidole vya mguu wa kushoto chini siku moja mlangoni, alitoka ndani akikimbia.

"Usikanyage! Unataka ivunjike tena?"

"Daktari alisema mwezi moja."

"Daktari haiko anaishi humu. Ngoja kwanza."

Tukangoja. Mwezi ukawa miezi mitatu, ikawa karibu mwaka. Na mimi, niseme ukweli, nilipenda kungoja. Niliogopa mguu ule. Nilikuwa nikiubeba kama mzigo wa mtu mwingine: nauinua kwa mikono kuuweka kitandani, nauinua kuutoa. Paja lilikonda mpaka nikaweza kulizungushia mikono yangu miwili vidole vikakutana. Ngozi ilikuwa kavu, inatoka magamba. Unyayo ulikuwa wa baridi hata jua likiwa kali. Nilikuwa nikisimama mguu mmoja kama korongo, na nikiketi, nilikalia tako la kuume tu. Sandali ya kuume iliisha kisigino, nikabadilisha mara mbili. Ya kushoto ilibaki mpya, na alama ya kiwanda bado inasomeka chini yake.

Halafu goti la kuume likaanza. Lile zima. Asubuhi moja nilitaka kuinuka, likakataa. Lilikuwa limevimba kama papai, la moto. Niliburuta matako mpaka jikoni, nikaketi chini karibu na mafiga, na kwa mara ya kwanza tangu ajali niliogopa kweli kweli. Sifa wangu alikuwa ameolewa ng'ambo, Ubwari, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Alikuwa ametuma habari kwamba nisikose kuwa naye akijifungua. Nikajisemea: Wabiwa, mguu mmoja umeuweka akiba, mwingine unakwisha. Utamfikia mtoto wako kwa mguu gani?

Ndipo Baba Sifa aliponileta hapa kwa moto, pikipiki ya kukodi, nimeketi upande. Nilikuja kutafuta sindano ya goti. Sikujua kama hapa kuna kine.

Alikuwa amechuchumaa anaosha mipira ya mazoezi kwenye beseni. Msichana mwembamba, wa miaka kama thelathini, kwenye kandambili zisizofanana. Konsolata. Mnajua anatoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, ni Mrundi. Nitasema nilichowaza siku ile, na yeye anajua, nimeshamwomba radhi. Niliwaza: mimi, mwanamke wa mawese, nifundishwe kusimama na mtoto wa mahema?

Aliniambia, "Mama, unaumwa wapi?"

"Goti ya kuume."

Alilibonyeza pande zote, akalikunja, akalinyoosha. "Goti hii haina bugonjwa," alisema. "Imechoka. Imebeba batu babili mwaka muzima. Na ule muguu mwingine?"

"Ule uliachaka kazi."

Nilikuwa na bahasha ya picha za mfupa. Alizichukua akazielekeza kwenye dirisha. Kwenye paja mfupa ulikuwa na nundu, kama fundo la tawi. Aliifuata ile nundu kwa ukucha. "Imeshikana, mama. Hapa penyewe ndipo pana nguvu kuliko pengine. Nani amekukataza kukanyaga?"

Mume wangu alikuwa anaangalia kofia yake.

Basi akafanya kile mtakachofanyiwa ninyi leo. Alileta mizani ile ya kukanyaga, ya kupimia watu wazima, akaniweka juu yake na magongo yakiwa pembeni, ananishika kiuno. Kilo sitini na nne. Akaniondoa. Akaweka ubao wa unene ule ule karibu na mizani. Mguu wa kuume kwenye ubao, wa kushoto kwenye mizani. "Simama kama unavyosimamaka siku zote," alisema. "Usidanganye."

Nilisimama. Nilidhani ninasimama sawa. Mshale ulitikisika ukatulia kwenye tisa.

"Kilo tisa," alisema Konsolata. "Kati ya sitini na nne. Muguu yako ya kushoto inabeba kilo tisa, mama. Zile zingine zote uko unazitupa kuume. Sasa goti isilie kwa nini?"

Nilitazama ule mshale. Tisa. Mtoto wa mwaka mmoja anashinda. Hakuna daktari wala jirani aliyewahi kunionyesha ugonjwa wangu waziwazi hivyo. Haukuwa kwenye mfupa tena. Ulikuwa katika namna ninavyojigawa.

"Tunatafuta thelathini na mbili," alisema. "Nusu kwa nusu. Tukiipata, tutatafuta zote."

Mazoezi yenyewe mtu akiyaona kwa mbali atacheka. Hakuna kuruka, hakuna kubeba chuma. Mwanzo ni kuketi kwenye kiti kigumu na kuhamisha mwili kutoka tako la kuume kwenda la kushoto, unakaa pale unahesabu tano, unarudi. Wiki nzima hivyo. Kisha kusimama, meza mbele, kiti nyuma, miguu imeachana kiasi cha mabega. Unahamia kuume. Unarudi katikati. Unahamia kushoto. Unahesabu. Unarudi.

Rahisi kusema! Mara ya kwanza nilipohamia kushoto nilijiona nimelala kabisa upande ule, kichwa, bega, mkono, nikasema, "Haya, hii si yote?" Konsolata akaniambia niangalie mizani. Kumi na moja. Nilikuwa nimepeleka kichwa na bega, lakini kiuno kimebaki kuume kama mbuzi aliyefungwa kamba.

"Mwili iko mwerevu," alicheka. "Inakubali kwa mudomo, inakataa kwa kiuno. Usiiname. Kaa wima, kaza tumbo, peleka kiuno na kifua pamoja, kama droo inayofunguliwa upande. Goti isikaze kama fimbo, ilegeze kidogo. Na upumue, mama! Unakufa nini?"

Kweli nilikuwa nimeziba pumzi.

Nilikuja mara mbili kwa wiki, na nyumbani nilifanya asubuhi na mchana, nimeshika fremu ya mlango ambao Baba Sifa alikuwa anautengeneza. Paja liliwaka moto, si moto wa kuvunjika, moto wa nyama inayoamshwa. Lilitetemeka kama ndama aliyezaliwa saa ile. Unyayo ulinichoma kama nakanyaga chumvi. Konsolata alinifundisha kutofautisha: maumivu yanayokata kama kisu, na yanayobaki mpaka kesho yake, hayo tunasimama, uchovu unaowaka na kuondoka, huo tunausalimia. Kumi na mbili. Kumi na tano. Siku nyingine kumi na tatu, narudi nyumbani nimenuna. Kumi na tisa. Goti la kuume likaanza kushuka uvimbe, lenyewe, bila sindano hata moja.

Nilipofika ishirini na nne, kiburi changu cha zamani kikarudi. Nikaacha gongo moja ndani, nikashika moja, nikaenda shambani kuangalia muhogo wangu, bila kumwambia mtu. Nilikwenda vizuri. Nilirudi vizuri. Nyumbani kwangu mwenyewe, uani, nikakanyaga maganda ya muhogo yaliyolowa na mvua, na nikaanguka kwa ubavu wa kushoto, juu ya paja lile lile.

Baba Sifa alinikuta nimelala nacheka na kulia pamoja. Sikuvunjika. Nilikuwa na doa jeusi kutoka nyongani mpaka karibu na goti, basi. Lakini yeye uso wake ulikuwa umekauka kama majivu.

"Imetosha," alisema. "Mi nilisema. Nilisema! Hakuna mazoezi tena."

Akamwambia mtu wa moto asije. Nililetewa chakula kitandani. Nikarudia kuuinua mguu kwa mikono miwili. Wiki mbili nzima, na nilihisi ile nguvu yangu ya kilo ishirini na nne inavuja.

Konsolata alipoona sirudi alitembea kutoka kituoni mpaka kwetu, jua la saa saba. Alipima paja langu, akaukunja mguu, akaukunjua. "Hakuna kitu," alisema. "Simama." Baba Sifa akaja mbio, akanishika chini ya makwapa kuninyanyua.

"Baba, mwache," alisema Konsolata.

"Ataanguka."

"Ukimubeba, muguu haitajifunza kitu. Uko unamupenda, ninaona. Lakini mikono yako iko inafanya kazi ya muguu yake."

Baba Sifa aliniachia. Alirudi nyuma akaketi juu ya mbao zake, akaweka mikono usoni. Tumeishi miaka ishirini na mitatu na sijapata kumwona hivyo.

"Ule muti wa mashini," alisema, "niliukata mimi. Niliona ufa. Kidogo, kama unywele. Nikasema utashika musimu moja, nitabadilisha. Kila nikikuona unasimama, ninasikia unakatika."

Kuku walikuwa wanakwaruza vumbi la mbao. Ningeweza kukasirika. Labda ningekasirika kama angeniambia hospitalini. Lakini nilikumbuka mwenzangu alivyosema "ngojeni kwanza", na mimi nikasukuma kwa kifua. Nikamwambia, "Baba Sifa, na mimi nilisikia unalia, nikausukuma. Tuliukata wawili. Njoo unishike."

Konsolata alimfundisha. Alimsimamisha mbele yangu, mikono ameinyoosha, viganja juu, na mimi viganja vyangu juu ya vyake, vyepesi tu. "Wewe uko ukuta," alimwambia. "Ukuta hauvuti, hausukumi. Iko pale." Mimi nikahamia kushoto. Safari hii yeye ndiye aliyeziba pumzi.

"Pumua," nilimwambia. "Unakufa nini?"

Akacheka, machozi yakimshuka puani.

Tangu siku ile alikuwa ukuta wangu kila asubuhi kabla ya kushika randa. Upande kwa upande. Kisha mguu mmoja mbele mwingine nyuma, uzito unakwenda mbele, unarudi nyuma, kama mtu anayetaka kuondoka na anakumbuka neno. Alininong'onezea hesabu. Alitengeneza ubao wa kituo hiki pia, huu mnaouona, ule wa zamani ulikuwa unateleza. Ameukagua mara tatu, msiogope.

Siku mshale uliposimama kwenye thelathini na mbili, nilikuwa nimefumba macho. Konsolata alipenda nifumbe, ili mguu utafute wenyewe. Nilihisi kitu nilichokuwa nimekisahau: sakafu chini ya nyayo mbili. Ubaridi wake sawasawa huku na huku. Mgongo ukanyooka peke yake. Sikuhitaji kuambiwa.

"Fungua macho," alisema.

"Najua," nilimjibu. "Ni nusu."

Tukatafuta zote. Hiyo ilichukua miezi mingine miwili. Unahamia kushoto, unahamia, mpaka mguu wa kuume unabaki unagusa tu kwa kidole, na siku moja kidole nacho kinanyanyuka. Kwanza kwa muda wa neno moja. Kisha kwa muda wa kusema jina langu lote na la baba yangu. Siku nilipohesabu kumi, mguu wa kuume uko hewani na mguu wa kushoto peke yake umebeba sitini na nne, wagonjwa wa benchi hii walipiga makofi, na mama mmoja aliyekuwa na kiharusi alipiga kwa mkono mmoja juu ya paja lake. Magongo niliyaacha hapa. Yako kule pembeni, anayeyahitaji ayatumie, kisha ayarudishe haraka.

Mwisho wa mwezi ule tulipata habari kwamba Sifa amejifungua, mtoto wa kike. Tulikwenda mwaloni. Pale Lweba hakuna gati, mnajua. Unaingia majini mpaka magotini, boti inacheza, unashika ukingo, na lazima usimame mguu mmoja ili mwingine upite juu. Vijana wa boti wakasema, "Mama, tukubebe." Mume wangu aliwaangalia tu, akawaambia, "Bacheni. Atapanda." Nilisimama kwenye mchanga ule unaokimbia chini ya unyayo, kwa mguu wa kushoto. Wimbi lilinisukuma. Nikalegeza goti, nikapumua, nikapitisha mguu wa kuume ndani. Hakuna aliyeona kitu. Mwanamke amepanda boti, basi. Baba Sifa alikuwa bado majini, ameshika ukingo, anatabasamu kama mpumbavu.

Kule Ubwari nilikaa wiki sita. Nilimkanda Sifa kwa maji ya moto, nilimpikia uji. Siku ya nne hivi mtoto alilia alasiri nzima, tumbo linamsumbua, mama yake amechoka anasinzia. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, nikasimama uani kumbembeleza. Baada ya muda akanyamaza. Nilikuwa naangalia wanawake wanaoanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye mchanga, nawaza mambo yangu. Ndipo nilipoangalia chini nikaona miguu yangu. Kuume, kushoto. Kuume, kushoto. Uzito wangu na wa mjukuu wangu unakwenda, unarudi, kwa nafasi sawa, na hakuna aliyekuwa anahesabu. Sikumwita mtu. Niliendelea tu mpaka akalala kabisa, na hata alipolala niliendelea kidogo, kwa raha yangu.

Namshukuru Mungu aliyeniachia mguu nilioutupa. Nawashukuru wale wa hospitali waliounga mfupa, na mzee wa Lweba aliyejua mahali pa kazi yake kuishia. Namshukuru Baba Sifa. Na wewe Konsolata, uliyevuka mpaka bila hata cheti chako, mikono yako ilikuja na kila kitu. Mungu akurudishe kwenu siku unayotaka wewe, si kabla, maana hapa bado tuna kazi na wewe.

Ninyi wenzangu, nina machache. Daktari akikwambia usikanyage, usikanyage, hata kwa wiki moja usimdanganye. Lakini akikwambia anza, anza siku ile ile. Usingoje woga uishe kwanza. Woga wangu uliisha kwenye thelathini na mbili, haukuisha kwenye tisa. Mnaowauguza watu wenu, muwe ukuta, musiwe kitanda. Na ukianguka, mwambie kine, usijifiche nyumbani.

Mimi nimerudi kwenye mashini. Sisukumi kama zamani, nasukuma kwa zamu, na mti ni mpya. Mtu akisema "ngojeni kwanza", nangoja.

Nimemaliza. Baba, wewe wa mwisho kule mwenye shati la bluu, nimekuona tangu nilipoanza kusema: mguu wako ule hujauweka chini hata mara moja. Daktari ameshakuruhusu? Ameshakuruhusu. Basi njoo uwe wa kwanza. Weka viganja vyako juu ya vyangu, hivi, vyepesi. Sitakuvuta.